Sijambo ya Marsela

Marsela wa kijiji cha Buger alilelewa vizuri mno. Kwao walimfundisha kwamba mtu akikuuliza hali, unajibu ni njema. Hata paa lingekuwa linaungua, Marsela angemwambia mgeni kwamba hawajambo, amkaribishe kiti, ndipo atafute maji.

Asubuhi moja alikuwa akikamua ng'ombe. Yeye mwenyewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Kichwa kilimgonga. Kandambili zilimbana, maana miguu ilikuwa imevimba. Kila alipoinuka aliona vimulimuli mbele ya macho.

"Umeamkaje, mwanangu?" aliuliza mama mkwe wake, Antonia.

"Salama, mama."

"Hujambo?" aliuliza mumewe, Sylvesta.

"Sijambo."

Ilikuwa Jumanne, siku ya wajawazito katika zahanati. Sylvesta alimsindikiza. Walifika mapema, lakini Marsela akawapisha wenzake wanne, mmoja baada ya mwingine. Jua lilikuwa limepanda sana alipoingia kwa Nesi Germana.

"Hali yako?"

"Njema, nesi."

Germana alimfunga kipimo cha presha mkononi. Akapima. Akapima tena. Kisha akabonyeza mguu wa Marsela kwa kidole, na shimo likabaki.

"Kichwa kinauma?"

"Kidogo tu."

"Marsela! Tangu lini?"

"Siku tatu."

Germana alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Sikiliza. Presha yako imepanda sana. Mjamzito akiumwa sana na kichwa, akivimba uso na mikono, akiona giza au vimulimuli, hiyo ni hatari. Anaweza kupata kifafa cha mimba, akafa yeye na mtoto. Njiani jibu salamu upendavyo. Hapa nikikuuliza hali, nataka ukweli. Nilimpoteza mama mmoja aliyeniambia hajambo. Sitaki wa pili. Unakwenda hospitali ya Karatu leo hii."

Marsela aliogopa. Kisha akajikasirikia. Siku tatu nzima alikuwa ameificha hatari ya mtoto wake nyuma ya neno moja. Alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatoka.

Barabarani lori la mahindi lilikuwa tayari kwenda Karatu, injini inanguruma. Juu ya magunia watu walijaa. Kwenye kiti cha mbele alikaa Mzee Hhando, mtu mkubwa katika kijiji. Hakuna mke kijana aliyezungumza naye kabla ya kuulizwa.

Sylvesta alikimbilia dirishani, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za nyumbani?"

"Njema, mzee. Za kwako?"

"Njema. Ng'ombe wazima?"

"Wazima, mzee. Na mahindi yenu?"

Dereva akaingiza gia. Marsela aliona wazi kwamba hawa wawili wataulizana mpaka habari za kuku. Akamsogeza mumewe kando, akashika mlango wa lori kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Mimi si mzima. Nikichelewa nitakufa na mtoto huyu. Naomba kiti chako."

Sylvesta alitamani ardhi ipasuke immeze. Mzee Hhando aliutazama ule uso uliovimba, akachukua fimbo yake, akashuka.

"Nipeni mkono," aliwaambia waliokuwa juu ya magunia. Alipokwisha kupanda akamfokea dereva. "Na wewe, Marsela ameshaketi, unangoja nini?"

Hospitalini Marsela alilazwa, akapewa dawa na kuangaliwa usiku na mchana. Baada ya siku tisa alijifungua mtoto wa kike. Alikuwa mdogo, lakini kilio chake kilisikika wodi nzima, na Marsela alicheka kwa furaha.

Mwezi ulipopita Mzee Hhando alifika nyumbani kwao. Antonia alikuwa na wasiwasi. Alidhani mzee amekuja kulalamika juu ya kile kiti. Lakini mzee alimpakata mtoto, akamsifu.

"Shikamoo, mzee," alisema Marsela. "Habari za siku nyingi?"

"Njema."

Marsela hakuondoka. Alisimama palepale, akamtazama, akangoja.

Mzee alijikuna shingo. "Njema tu. Ila jicho hili la kushoto, mwanangu. Tangu mavuno silioni jua vizuri. Sijamwambia mtu."

Marsela alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni.

"Twende kwa Nesi Germana sasa hivi," alisema. "Na akikuuliza hali, mzee wangu, anza na jicho."