Sauti za Mama Kibandani kwa Fundi

Haya yalimpata shoga yangu mshonaji. Simu yake ilijaa, akawa anapunguza picha, kumbe amefuta na sauti zote alizotumiwa na marehemu mama yake. Akakimbilia kwa fundi simu.

“Zimerudi, dada,” fundi alimwambia. Akafunga mlango wa kibanda, akazima feni ili wasikie vizuri. Wakabaki wawili gizani.

Mama akasikika akiuliza kama amekula. Shoga yangu akaangua kilio.

“Pole, dada,” fundi akanong'ona.

Ikafuata sauti ya mwisho. Ndani yake ulisikika mlango ukifungwa, feni ikizimwa, mtu akiangua kilio, mwingine akinong'ona: “Pole, dada.” Halafu mama, taratibu: “Nyamaza, mwanangu. Mwambie awashe feni, tuko watatu humu.”