Harufu ya Bani la Usoke

Simu ya setilaiti, Thuraya, ililia mara mbili.

"Uchungu una nchi yake," ilisema sauti ya mkuu wake kutoka Dar, neno lao la siri.

"Na nchi ina ulimi," alijibu Sayi.

"Mwenzako Abasi kauawa Kaliua alfajiri. Kakao ya wizi imo behewa la nne. Treni inaondoka saa sita. Bila ushahidi, usiguse."

Ikakatika.

Zilibaki dakika kumi na mbili.

Sayi aliruka kutoka kwenye Hilux, akavuka reli za stesheni ya Tabora mbio, bastola ya Glock chini ya kitenge. Njia ileile. Zamani zilipita hapa pembe za ndovu mabegani mwa watu, na watu wenyewe minyororo shingoni. Leo inapita kakao ya wakulima wa Kongo, imeporwa kwa bunduki, ikanunue bunduki nyingine. Anayenona hajawahi kubeba.

Mlangoni pa behewa alisimama Brandt, mfanyabiashara mgeni. Kando yake, Inspekta Ambrosi wa polisi wa reli.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sayi, karatasi zake safi. Kakao ya Kyela, mteja wa Bujumbura kairudisha. Toka Kigoma haijashushwa popote."

"Karatasi hazitafunwi."

Alichana gunia kwa kisu, akachukua punje. Kisha akatoa mfukoni chokoleti nyeusi ya Kyela, zawadi ya mwisho ya Abasi.

"Anza na hii, afande."

Ambrosi akatafuna. "Chungu. Halafu inakuja... kama zambarau."

"Ndiyo Kyela hiyo. Udongo wake, mvua zake, majani ya migomba wanayovundikia. Sasa punje."

Inspekta alitafuna. Akakunja uso. Akatema.

"Zambarau hakuna. Tumbaku! Dada, hii ni harufu ya bani la marehemu baba, Usoke!"

"Kakao hunywa harufu kama nguo ya mpishi. Waliificha kwenye bani la kukaushia tumbaku, wakidhani gunia ni ukuta. Na Usoke iko njiani toka Kigoma. Haikushushwa popote, eti?"

"Mwanakwetu yeyote angewaambia," alinong'ona Ambrosi.

Brandt aliingiza mkono kotini.

Glock ilitangulia.

Risasi moja. Goti la Brandt.

Behewa la nne lilikatwa, treni ikaondoka bila hilo.

Thuraya ikalia. "Ushahidi?"

"Inspekta bado anautema."

Sayi alikunja karatasi ya chokoleti. Kilibaki kipande kimoja. Hakukila. Mtaani Kanyenye, Siwema, mke wa Abasi, alikuwa amebandika chakula cha mchana cha watu wawili, hajui kuwa ni mjane.

Akarudisha kisu kiunoni, akaondoka kwa miguu kuelekea Kanyenye, bila haraka.