Jicho la Inspekta

Miaka ile miwa ilipojaza watu mifuko, soko la Kakamega lilifurika kila Jumamosi. Hapo ndipo Shikanga, dereva wa trekta la miwa, alipokanyaga ndizi za Pascalia.

"We! Huoni?"

"Nitaonaje na wewe umevaa hivyo?"

Gauni la njano lilimkaa barabara kiunoni. Pascalia alijikaza asicheke, akashindwa. Tangu hapo ikawa ni simu tu, Pascalia akipiga kutoka posta, Shikanga akiitwa mbio kwenye ofisi ya karakana, wenzake wakimpigia miluzi.

"Mpenzi, unampenda nani, mimi au fahali wako?"

Fahali huyo, Inspekta, hakuwa ameshindwa hata mara moja katika mapigano ya mafahali uwanjani Shinyalu. Andati, kaka yake Pascalia aliyeshika nafasi ya marehemu baba yao, alikuwa na fahali pia, na kila fahali huyo alipopigwa na Inspekta, Andati alirudi nyumbani amenuna.

"Siri yake ni nini?" Pascalia akauliza.

"Namlisha molasi."

Wiki nyingine akamwambia ni pombe ya busaa. Pascalia akaangua kilio.

"Unanidanganyanga! Huniamini, utanioaje?"

Shikanga akalainika, maskini. "Jicho lake la kushoto halioni. Usimwambie mtu, hata mama yako."

Jumamosi iliyofuata, ngoma za isukuti zikirindima, Andati alimwelekeza fahali wake moja kwa moja upande wa kushoto wa Inspekta. Inspekta hakuiona pembe. Alipopiga magoti akivuja damu, Shikanga aligeuka, akamwona Pascalia ameinamisha uso. Akajua. Mungu wangu, alijua palepale!

"Twende tukabomoe boma la Andati!" wenzake wakafoka.

"Samsoni naye alisalitiwa, akajiangushia nyumba," akasema. "Mimi bado nataka kuishi."

Kesho yake Pascalia alimfuata zizini, akitokea kanisani.

"Andati aliapa hataniruhusu kuolewa nawe mpaka Inspekta ashindwe. Nilifanya kwa ajili yetu. Sasa amekubali, mpenzi. Nioe."

Shikanga alikuwa akimkanda Inspekta kidonda kwa maji ya chumvi. Mkono ukasimama.

"Ungeniambia tu, Pascalia. Ningempeleka kwenu mwenyewe, awe ng'ombe wa mahari."

Machozi yakamtiririka Pascalia.

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Ndiyo maana inauma hivi. Lakini nikilala kando yako, nitafumbaje macho?"

Pascalia akafungua lango, akatoka.