Mvua Iliyopanda Juu

Kila siku akitoka shuleni, Chiriku alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akavuka ua kwenda chumbani kwa mama yake mdogo. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu ya mdomo, maana aliongea hata akipiga mswaki. Lakini akiingia chumba kile alinyamaza mwenyewe, bila kuambiwa.

Zamani kilikuwa stoo. Sasa kilikuwa na meza, kompyuta mbili, feni iliyokoroma na simu kuukuu zilizopangwa dirishani. Mama mdogo alitengeneza michezo ya kompyuta, peke yake, bila bosi wala kampuni. Kwa miaka miwili alikuwa akitengeneza mchezo wa konokono anayepita bustani kavu akitafuta mvua. Chiriku ndiye aliyechora majani yote, na habari hiyo ilijulikana kwa darasa zima, mtaa mzima, na hata kwa muuza mkaa.

Siku hiyo alimkuta mama mdogo ameshika tama.

"Shikamoo, mama mdogo. Kuna nini?"

"Marahaba, mwanangu. Injini yetu inakufa. Walioitengeneza wametangaza hawataitunza tena, na simu mpya hazitaikubali."

Injini ya michezo haiungurumi wala haitoi moshi. Ni programu inayojua kwamba kitu kikiachiwa huanguka, kwamba ukuta haupitiki, na kwamba kidole kikigusa kioo lazima jambo litokee. Mtengenezaji huleta hadithi yake, picha na sauti, akavijenga humo ndani. Injini ikifa, hana budi kuhama na kila kitu.

"Sasa maktaba itakuwaje?" Chiriku aliuliza. Maktaba ya watoto ilikuwa imeahidi kuuweka mchezo ule kwenye vishikwambi vyake vyote, iwapo ungekwenda vizuri siku ya maonyesho, mwisho wa mwezi.

"Ndiyo maana unaniona hivi."

Mama mdogo hakuchagua injini mpya kwa kusikia sifa zake. Alikuwa na mtindo wake: ndani ya kila moja alitengeneza kitu kile kile kidogo, mpira unaodunda kwenye ngazi. Katika injini ya kwanza mpira uling'aa, ukatoa kivuli, hata ukajitazama kwenye sakafu iliyolowa. Chiriku alibaki kinywa wazi.

"Hii hii, mama mdogo! Tuhamie hii!"

"Shika simu kwanza."

Ilikuwa simu kuukuu kuliko zote pale dirishani. Ilipata moto kama pasi, na mpira ulishuka kwa kukwamakwama. Katika injini ya pili mpira haukuwa na mbwembwe zozote, lakini kwenye simu ile ile ulidunda bila kusita.

"Watoto wengi huchezea simu ambazo wazazi wao wamezichoka," alisema mama mdogo. "Tunahamia hii ya pili."

Picha na sauti zilihama upesi. Maagizo ya kumwambia konokono atembee vipi ndiyo yaliyotoa jasho, kwa kuwa yaliandikwa upya, mstari kwa mstari. Hatimaye mama mdogo akabonyeza kitufe cha kuanzisha.

Mvua ikapanda juu.

Ardhi ilikuwa kwenye dari ya kioo, mawingu yametandazwa chini, na matone yalipaa kwenda juu kwa maelfu, kimya kimya. Konokono alining'inia kichwa chini kama hana habari. Chiriku alisahau hata kupumua. Maisha yake yote hakuwahi kufikiri kwamba juu na chini navyo ni vitu ambavyo mtu lazima akae aviamue.

Mama mdogo alicheka mpaka akafuta machozi. "Nimesahau! Injini ya zamani ilihesabu urefu kuanzia sakafuni kwenda juu. Hii inaanzia darini kwenda chini. Kila namba niliyohamisha imepinduka!"

Dawa yake ilikuwa kufungua bustani moja moja, kubadili namba za kila jani na kila jiwe, kisha kujaribu kwa kidole. Mama mdogo alimfundisha Chiriku, akamwachia bustani za mwisho. "Usiruke hata kokoto," alimwambia.

Chiriku alimaliza bustani moja, shingo ikamuuma. Katika kupekua akakuta sehemu ya kupindua picha nzima ya kioo. Akaibonyeza katika kila bustani iliyobaki. Zote zikasimama wima, na mvua ikanyesha kwenda chini kama mvua ya kweli. Kumbe rahisi hivi!

"Tayari, mama mdogo!"

"Umejaribu kwa kidole?"

"Nimejaribu," akajibu, bila kupepesa macho.

Siku moja kabla ya maonyesho, babu yake Chiriku alikuja kuuonja mchezo. Alikuwa fundi cherehani aliyestaafu, na alipenda kujisifu kwamba vidole vyake havijawahi kukosa tundu la sindano. Bustani za mwanzo alizipita akicheka. Alipofika zile za mwisho, akakunja uso.

"Konokono huyu kanisusia? Namwita juu, anakwenda chini."

Akafuta miwani, akajaribu tena, na tena. Kisha akaiweka simu mapajani, akavitazama vidole vyake.

"Basi, wanangu. Nimezeeka. Hata vidole havinisikii tena."

Chiriku aliitazama simu ile mapajani mwa babu. Hakuna aliyemshuku. Angenyamaza tu, babu angerudi nyumbani akiamini mikono yake imekwisha.

"Si vidole vyako, babu," alisema, machozi yakimlengalenga. "Ni mimi. Sikubadili namba, nilipindua picha tu. Na nilisema nimejaribu, kumbe sikujaribu."

Mama mdogo hakufoka. "Picha umeipindua," alisema, "lakini vidole vya watu hukuvipindua. Mtu anagusa juu, mchezo unadhani kagusa chini." Akavuta kiti cha pili. "Kaa. Jioni ni yetu."

Wakafungua bustani moja moja. Babu aligeuka mkaguzi mkali. "Jiwe lile bado linaning'inia kama soksi kambani!" alipaza sauti, na Chiriku akacheka huku akibadili namba. Bustani ya mwisho ilipokaa sawa, aligusa wingu kwa kidole. Mvua ikaanguka pale pale alipogusa. Alikuwa ameiona mvua ile mara nyingi, lakini leo mwili ulimsisimka, kwa sababu alijua kila kitu kilichoifanya ianguke.

Kesho yake, katika maktaba iliyojaa watoto, msichana mdogo asiyefika kimo cha meza aligusa wingu. Mvua ilipoanguka alirudi nyuma, akakitazama kidole chake.

"Ni mimi niliyeileta mvua?" alinong'ona.

"Ni wewe," mkutubi alimjibu, kisha akamgeukia mama mdogo. "Leteni. Tunauweka kwenye vishikwambi vyote."

Chiriku, msemaji wa mtaa mzima, alikuwa bado anamtazama msichana yule. Mama mdogo akamwinamia.

"Umemwona yule mtoto? Haoni injini wala namba. Anaamini tu kwamba akigusa, ataitikiwa. Ukilipua kazi yako, hatasema wewe umedanganya. Atasema yeye ndiye hajui, kama babu yako jana. Ndiyo maana kazi hufanywa kwa ukweli hata mahali ambapo hakuna atakayechungulia."