Masanduku Juu ya Dari

Kila Jumamosi asubuhi Baba alinichukua kutoka nyumbani kwetu Oud Metha, Dubai, hadi Al Khawanij, kwenye zizi la farasi alilolisimamia. Nyuma ya zizi kulikuwa na banda la nguzo za mbao na paa la bati. Mwenye zizi, Muhanna, ambaye wote walimwita arbab, yaani bosi, aliwaruhusu Wakenya na Waganda kulitumia kwa darasa la Kiswahili la watoto wao. Tatizo lilikuwa joto. Kufikia saa nne tulikuwa tunaokwa mle ndani kama mikate.

Arbab akatuhurumia, akakubali banda litiwe dari pamoja na sufu ya kuzuia joto. Kazi akapewa Anko Sowedi, seremala kutoka Uganda, mtu wa maneno machache aliyepima kila ubao mara tatu. Mimi Damaris, mwenye miaka kumi na miwili na sifa zote za hesabu darasani, nilipewa daftari la kuandika uzito wa kila kitu kilichopandishwa juu. Nilipewa pia ufunguo wa banda, nikatembea nao shingoni kama waziri.

"Unaona hizi kenchi?" Anko aliniuliza, akinionyesha mbao zilizounganishwa kwa umbo la pembetatu kushika paa. "Zilitengenezwa zibebe bati na upepo. Mhandisi amesema dari yote isizidi kilo ishirini kwa kila mita ya mraba. Bodi za jipsamu ni kilo kumi. Mbao za kupigilia bodi, tatu. Sufu, mbili."

"Zinabaki tano!" nikasema haraka.

"Hizo si zetu. Ni za usalama. Khalas, basi."

Dari ilipokwisha, banda likapoa, na hata watoto watoro wakaanza kuhudhuria.

Kisha ikaja Novemba. Anayekwenda nyumbani Krismasi huanza kununua mapema: mablanketi, sufuria, viatu vya ukoo mzima. Lakini anayelala kitanda kimoja katika chumba cha watu wanane ataweka wapi sanduku la kilo thelathini? Anti Phyllis, rafiki wa Mama na mlinzi wa duka kubwa, alinijia na walinzi wenzake wawili.

"Damaris wangu, hapo juu ya dari si kuna nafasi? Ni wiki tatu tu. Usimsumbue baba yako, ako kazini."

Nilikokotoa papo hapo. Banda lilikuwa mita kumi kwa kumi, yaani mita mia za mraba. Kilo tano mara mia ni kilo mia tano. Masanduku yao na ya wenzao wa chumbani yalikuwa kumi na manne, kilo mia nne na ishirini.

"Yanatosha, na nafasi inabaki," nikatangaza, kichwa kimenivimba.

Niliwafungulia banda, wakayapandisha kwa ngazi, na kwa kuwa juu kulikuwa na joto kali, wakayarundika yote karibu na mlango wa dari, juu ya kenchi mbili. Sikuandika chochote daftarini. Nadhani hapo moyo wangu ulikuwa umeshajua kwamba nakosea.

Jumamosi iliyofuata tulikuta dari imeshuka katikati na ufa mrefu umeipasua. Arbab aliitwa, akaja amekasirika.

"Sowedi, kazi gani hii? Watoto wanakaa hapa chini!"

"Sir, nilipima," Anko alijibu. Akanigeukia. "Damaris, wewe ndiye uliyeandika. Kuna kitu kilipandishwa baada yangu?"

Wote wakanitazama.

"Hakuna," nikasema.

Banda likafungwa mpaka mhandisi apatikane, na hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kupanda darini kuangalia. Anko akaambiwa asirudi tena. Nilimwona akikusanya misumari yake mmoja mmoja, nami nikanyamaza. Hadi leo naona aibu.

Siku zilipita. Jioni moja nikamsikia Baba akimwambia Mama kwamba Sowedi amenyimwa kazi nyingine huko Bur Dubai, kwa sababu wenye nyumba wamesikia habari za dari yake. Sikulala vizuri usiku ule. Asubuhi, siku ya tisa, Baba alipokuwa anafunga viatu nilimweleza yote huku nikilia.

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alimpigia arbab simu, kisha akaninyooshea. "Mwambie mwenyewe."

Siku hiyohiyo kenchi zikategemezwa kwa nguzo, na masanduku yakateremshwa. Anti Phyllis, ambaye hakuwa amejua lolote, aliomba radhi mara nyingi. Mhandisi alikuta kenchi mbili zimepasuka. Arbab akamwita Anko Sowedi, akamwomba msamaha mbele yetu sote, naye akazikaza upya kwa mbao pande zote mbili. Banda likapona. Kazi ya Bur Dubai, hata hivyo, ilikuwa imeshachukuliwa na fundi mwingine.

Nilimfuata Anko chini ya ngazi. "Anko, nisamehe. Nilipiga hesabu nikaona yanatosha."

"Hesabu yako ilikuwa ya mizigo iliyotandazwa banda zima," alisema taratibu. "Nyinyi mliiweka juu ya kenchi mbili. Hilo ni kosa la kutojua, na ungeuliza ningekueleza. Nimelirekebisha kwa siku mbili." Akavuta pumzi. "Lakini nilikuuliza mbele ya watu, ukasema hakuna. Siku tisa nimeitwa fundi mbovu. Nimekusamehe, mwanangu, ila siku hizo siwezi kuzirekebisha, hata wewe huwezi. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, kabla mtu mwingine hajalibeba kosa lako."

Akapanda kumalizia bodi ya mwisho. Nilimshikia ngazi mpaka alipomaliza.