Léontine, Uko?

Kule Kibua, jua likianza kuzama, jina haliitikiwi mara ya kwanza. Hata ukiitwa na mama aliyekuzaa. Unanyamaza, unangoja. Mtu ataita tena. Asiyeita tena si mtu, na msiniulize ni nani. Padri anayakemea mambo hayo kila Jumapili, na Jumapili hiyohiyo jioni, yeye mwenyewe akiitwa nje, anangoja mara ya pili.

Léontine alilijua hilo tangu utoto. Ndiyo maana nikimkumbuka hasira inanipanda, halafu inageuka huruma.

Ijumaa hiyo, saa kumi na moja jioni, alipanda mpaka nyuma ya kanisa, simu ameifunga ndani ya kitenge. Kibua nzima, réseau, mtandao wa simu, inapatikana pale tu, na pale Élysée, fundi wa simu, alikuwa na kibanda chake cha mabati.

"Kaka Élysée, ile site inakataa kufunguka. Leo ni siku ya ine inanifukuza."

Hakuitaja jina. Kila mtu aliijua: Salamu za Milima, mahali ambapo watu waliotawanywa na vita wanaandikiana salamu, na kila mtu anaweza kuzisoma. Ni nyepesi, inafunguka hata pale sauti ya simu inapokatika. Mume wake, Zéphyrin, alikuwa Shasha, kando ya ziwa, tangu mwezi wa tatu, anakausha kwa moshi sambaza, wale samaki wadogo, na kila jioni alimwandikia humo. Mwisho alikuwa ameandika: *Ijumaa ninarudi. Uniambie nipite wapi.* Barabara kubwa, au njia ya mtoni. Siku hizi njia salama inabadilika kila juma, na ile ya mtoni hata wawindaji waliiacha tangu Pasaka. Hawasemi sababu.

Leo ndiyo ilikuwa Ijumaa. Na Léontine alikuwa hajamjibu.

"Uliizimaka na kuiwasha?"

"Mara kumi."

Élysée akaweka mode avion, ile ya kukata mawasiliano, akaitoa. Kiduara kikazunguka... kikazunguka. Akafuta historique ya kurasa zilizofunguliwa. Kikazunguka. Akafungua ukurasa wa sala ya siku, ukaja mara moja. Basi réseau haikuwa na kosa. Akachomoa kadi ya SIM, akaipuliza, akaitia ndani ya simu nyingine. Kiduara kilekile.

Kisha akachukua simu yake mwenyewe. Salamu za Milima ikafunguka kabla hajatoa kidole.

Léontine akamtazama kwa jicho la pembeni. Mbona kwake inafunguka upesi hivyo?

"Site iko muzima," Élysée akasema polepole. "Simu yako nayo iko muzima. Shida iko mu compte yako, ile akaunti. Inaonekana muntu mwengine aliingia mule ndani, njo maana inakufukuza. Nani alikuwekeaka mot de passe, ile neno ya siri?"

Aliyemwekea alikuwa mmoja tu.

Bénédicte. Dada ya Zéphyrin. Léontine aligombana naye juu ya shamba la michikichi mpaka kanisa zima likasikia. Zéphyrin asiporudi, shamba ni la Bénédicte. Kikulacho ki nguoni mwako!

"Somea miye," akasema. "Soma kila kitu."

Élysée akashuka mpaka salamu za Jumatatu. Kulikuwa na mmoja asiye na picha, asiye na jina. Ameandika maneno mawili: *Léontine, uko?*

Chini yake, Léontine amejibu: *Niko.*

Alikumbuka. Ilikuwa jioni, mvua inanyemelea, akadhani ni Zéphyrin ameazima simu ya mtu. Aliitwa mara moja tu. Na akaitika! Mtu mzima, mwana wa Kibua, aliyefundishwa na bibi yake kwa fimbo. Lakini nani angefikiri kwamba jambo la pori linapita hata ndani ya simu?

"Endelea," akanong'ona.

*Léontine, nipite wapi?* Huyo alikuwa Zéphyrin, Jumanne.

Jibu, kwa jina la Léontine: *Barabara iko mubaya. Pita njia ya mutoni. Nitakungoja.*

"Si miye," Léontine akasema. "Kaka, si miye niliandika ile!"

Na ya mwisho, ya leo saa sita mchana: *Niko njiani. Nitafika mbele ya giza kuingia.*

Élysée akaandika haraka: *Usipite mutoni.* Akabonyeza. Kiduara kikaanza kuzunguka, safari hii kwenye simu yake yeye. Kibanda kikajaa harufu ya muhogo uliolowekwa mtoni siku nyingi... ule uvundo wa mchachu unaokaba koo. Élysée akainusa simu, akaitupa juu ya meza.

Walikimbia wote wawili mpaka kwa Bénédicte. Walimkuta anapepeta mchele.

"Nipe simu yako!" Léontine akafoka. "Unamuua kaka yako juu ya mikebe ya mafuta!"

Bénédicte hakujibu tusi. Akatia mkono ndani ya ndoo ya mchele, akatoa simu iliyofunguliwa vipande vipande.

"Ilianguka mu maji siku ya Posho, Jumamosi ilepita. Inakauka humu mpaka leo." Akamkazia macho. "Na wewe, unaniogopesha. Jana na leo nilikuona unakaa pale mutoni, unainamia simu. Nikakusalimia. Haukuitika. Nikasema, huyu iko na hasira ya shamba."

"Miye sijafika mutoni tangu juma ilepita."

Mchele ulimwagika na hakuna aliyeuokota.

"Rudi kwako," Bénédicte akasema kwa sauti ya chini. "Washa taa, funga mulango. Miye na Élysée tunateremuka kumukamata njiani. Na ukisikia jina yako mara moja..."

"Ninajua."

Alienda. Hata hivyo njiani alijiuliza: kwa nini ananitaka ndani? Simu iliingia maji kweli, au ameivunja makusudi? Giza lilikuwa linaingia.

Akawasha taa. Akafunga mlango. Akaketi.

Vyura wakanyamaza.

Hatua nje... nzito, za mtu aliyebeba mzigo kwa kamba ya kichwani. Kikohozi kikavu cha moshi wa samaki. Akakijua.

"Léontine!"

Mara moja. Akajiziba mdomo kwa kitenge. Zéphyrin alikuwa na desturi yake: anaita, anatua mzigo, anaita tena. Akasikia mzigo unatuliwa. Puu. Ita tena, mume wangu. Ita, ninakuomba...

Ndipo upande wa jikoni, nyuma ya nyumba, mtu akaitika.

"Niko. Pita huku. Nimekungoja."

Ilikuwa sauti yake. Sauti ya Léontine mwenyewe.

Hatua zikageuka kuelekea jikoni.

Akaruka, akapiga kelele kwa nguvu zote: "Zéphyrin!"

Na Zéphyrin ni mtoto wa Kibua. Jioni haitikii jina lililoitwa mara moja.

Akavuta pumzi aite tena. Mdomo ulifunguka, sauti haikutoka. Hata mnong'ono. Akavuta komeo, likakataa; akaubomoa mlango kwa bega.

Kizingitini kulikuwa na gunia la sambaza, na kamba yake bado ina joto la paji la uso wa mtu. Jikoni hapakuwa na mtu. Palinuka muhogo wa mtoni, na wiki hiyo yeye hakuwa ameloweka muhogo wowote. Kule chini bondeni mwanga wa tochi ulikuwa unapanda mbio, na Bénédicte alikuwa analia akiita jina la kaka yake. Mara mbili. Mara tatu. Mara kumi.

Simu ikatetemeka ndani ya kitenge. Pale nyumbani réseau haijawahi kufika.

Ukurasa ulikuwa umefunguka, safi, bila kiduara. Salamu moja tu, ya dakika hiyo, kutoka kwa Zéphyrin. Picha yake ilikuwa imeondoka.

*Léontine, uko?*