Anwani ya Shangazi

Kila asubuhi Greta Haugen alinawa uso katika choo cha supamaketi mjini Duluth, akachana nywele, kisha akaelekea shuleni kama mtu aliyetoka kwao. Kwao hakukuwepo. Mabomba ya jengo lao yalipasuka, wapangaji wote wakaondolewa, na hii ilikuwa wiki ya tano Greta na mama yake wanalala ndani ya gari lao kuukuu. Theluji ilikuwa imeshaanza kuanguka.

Shuleni aliandikisha kwamba wanaishi kwa shangazi.

"Huyo shangazi yako hana pasi?" rafiki yake Solveig alimtania, akilivuta shati lake lililokunjamana.

"Anayo, ila mchoyo kweli!" Greta alijibu, wakacheka wote.

Siku hiyo aliitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alimkuta mama yake na Bi. Lindqvist, mfanyakazi wa Paa la Kaskazini, shirika linalohudumia wilaya saba za eneo lile. Shirika hilo lilikuwa na orodha moja ya watu wasio na makazi, jina kwa jina, na waliolala nje au garini ndio waliotangulizwa.

"Greta, vyumba viwili vimepatikana karibu na hapa," Bi. Lindqvist alisema. "Mwenye nyumba anataka jibu leo. Mama yako anasema mnalala garini, lakini fomu ya shule inasema mko kwa shangazi. Nikipeleka karatasi zinazopingana, nafasi itakwenda kwa wengine. Niandike lipi?"

Greta aliinama. Akisema kweli, atajulikana kuwa hana kwao. Akinyamaza, mama yake ataonekana mwongo, na watabaki kutetemeka kwa baridi garini.

"Andika la mama," alisema kwa sauti ndogo. "Shangazi nilimtunga mimi."

"Mwanangu! Kwa nini?"

"Wangenicheka, mama."

Bi. Lindqvist hakumkaripia. Aliomba kuonyeshwa gari, akaona mablanketi, sufuria na vitabu vya hesabu kwenye kiti cha nyuma. Akajaza fomu upya, akampigia simu mwenye nyumba papo hapo.

Alhamisi walihamia. Solveig, ambaye Greta alikuwa amemweleza yote, alikuja kusaidia kubeba godoro, akihema.

"Ungeniambia tu, mjinga wewe," alisema. "Ningekuletea hata supu."

Bi. Lindqvist alimkabidhi mama funguo, akaahidi kupita kila wiki mpaka watulie, maana kazi ya shirika haikuishia mlangoni. Kisha akamgeukia Greta.

"Kukosa nyumba si kosa lako wala la mama yako, usione haya. Lakini shika hili: mtu akituambia ana pa kulala, tunampita, tunakwenda kumtafutia mwingine."